Pedeli ya umeme na kutyuni: kwanini gari inachelewa kuitika ukikanyaga mafuta, na nini hasa kinabadilika ukiandika upya kontroli boksi

Kila wiki kwenye magrupu ya magari swali ni lile lile. Mtu kaagiza Forester au Crown au Harrier kutoka Japan, gari safi kabisa, injini haina kelele, ila akikanyaga mafuta gari inawaza kwanza ndo inaondoka. Basi majibu yanamiminika, huyu anasema safisha throtoli, yule anasema funga kile kiboksi cha pedeli uone moto, mwingine peleka ikaandikwe upya kontroli boksi, kompyuta ya injini, ndo huko kutyuni, na hakosekani wa toa betri nusu saa utanishukuru. Hao wote wanne wanaongelea vitu vinne tofauti kabisa, na mwenye gari anaishia kulipia kitu ambacho pengine hata sicho kilichokuwa kinamsumbua. Hela inaenda, gari iko vile vile, halafu anaambiwa gari za Japan za siku hizi ndo zilivyo.

Tuanze na vitu vyenyewe.

Kwenye injini ya petroli kuna kisahani cha chuma kimekaa ndani ya njia ya kuingizia hewa. Kikijifunga hewa inabanwa, kikifunguka hewa inapita kwa wingi. Hicho kisahani na nyumba yake ndo throtoli bodi. Nguvu ya injini ya petroli inaanzia kwenye hewa, maana kompyuta inapima hewa iliyoingia halafu inamwaga mafuta ya kulingana na hiyo hewa, kwa hiyo mguu wako kazi yake kubwa pale chini ni kuomba hewa.

Gari za zamani, Corolla 110 na wenzake, zilikuwa na kebo ya chuma kutoka kwenye pedeli mpaka kwenye throtoli. Unasogeza mguu, kisahani kinasogea hapo hapo, hakuna wa kumuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 80 BMW wakaweka mfumo wa umeme kwenye 750i yao ya silinda 12, ikachukua muda kushuka kwenye gari za watu wa kawaida, lakini leo hata Vitz na Passo za karibuni kebo hazina. Pedeli imebaki na sensa tu, throtoli ina mota ndogo ya umeme, na katikati yao imekaa kontroli boksi, yaani ECU, kompyuta ya injini.

Ichukulie kama daladala. Wewe abiria unasema shusha, sauti inafika mbele, lakini anayekanyaga breki ni dereva, na dereva anaangalia kwanza kituo kiko wapi, trafiki yupo au hayupo, nyuma kuna lori au hakuna, ndo anasimama. Mguu wako ni abiria, kontroli boksi ni dereva. Tukishaelewana hapo mengine yote yanakuwa mepesi.

Sasa huyo dereva anaamuaje? Ndani ya kontroli boksi kuna jedwali. Upande mmoja kuna pedeli imekanyagwa asilimia ngapi, upande wa pili injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na kwenye kila chumba cha jedwali kuna namba inayosema hapa mpe kiasi hiki. Kwenye mifumo rahisi namba hiyo ni moja kwa moja throtoli ifunguke kiasi gani. Kwenye mifumo mingi ya kisasa, mfano Bosch ME7 iliyokuwa kwenye Golf 4 ya turbo, na Subaru za pedeli ya umeme nazo, namba hiyo ni toki, yaani msukumo ambao dereva anauomba, halafu kompyuta inapiga hesabu yenyewe kwamba ili nipate huo msukumo nifungue throtoli kiasi gani, moto wa plagi niuwashe lini, na kama kuna turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, niijaze kiasi gani. Mtengenezaji ndo kajaza hizo namba. Kwa hiyo unaweza kukuta umekanyaga asilimia 30 na throtoli imefunguka 12 tu, na hakuna kitu kibovu hapo, ndivyo jedwali lilivyoandikwa.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kufunguka kwa throtoli na hewa inayoingia haviendi sawa kwa sawa. Injini ikiwa inazunguka taratibu, tuseme mizunguko 1500, haihitaji hewa nyingi, kwa hiyo kisahani kikishafunguka kama robo au theluthi hivi hewa karibu yote ambayo injini inaweza kuvuta kwa mwendo huo imeshapita, ukifungua zaidi ya hapo huongezi cha maana. Injini ikiwa 5000 ndo unahitaji kisahani kiwe wazi haswa. Maana yake robo ya kwanza ya throtoli ndo ina karibu utamu wote ukiwa mjini, na ndo maana jedwali likichorwa kwa ukali sehemu hiyo gari inaonekana ina nguvu za ajabu, mguso mdogo inaruka. Haijapata farasi, kile kipimo cha nguvu ya injini, hata mmoja wa ziada. Kilichotokea ni kwamba nguvu zote zimesogezwa mwanzoni mwa pedeli. Gari mbili zenye injini ile ile kabisa zinaweza kukupa hisia tofauti kwa sababu ya jedwali tu, na ile swichi ya Sport au PWR unayoibonyeza kwenye gari yako sehemu kubwa ya kazi yake ni hiyo, inabadilisha jedwali la pedeli na kuiambia gia boksi ichelewe kupanda gia. SI-Drive ya Subaru yenye herufi I, S na S# ni mfano mzuri, injini ni moja, majedwali matatu.

Juu ya jedwali kuna kichujio. Hata ukigonga pedeli ghafla kompyuta haipeleki amri yote kwa mara moja, inaipandisha kwa ngazi ndani ya sehemu ya sekunde. Watu wanatukana hiki kichujio bila kujua kinawasaidia nini. Injini imelala kwenye mauntini za raba, ukiipa msukumo wote ghafla inajipinda, gia na shafti na joint zote zinachukua ule mshtuko, na abiria nyuma anagonga kichwa. Mtengenezaji pia anafikiria moshi, anafikiria mafuta, anafikiria mama aliyepakia watoto. Ameiandika gari kwa ajili ya kila mtu, na kitu kilichoandikwa kwa ajili ya kila mtu lazima kitampwaya mtu fulani.

Kabla hujalipia chochote, pima

Kuna uchelewaji wa aina kama nne na mtu kiti cha dereva anausikia kama kitu kimoja. Upo wa jedwali na kichujio nilivyoeleza. Upo wa gia boksi, unakanyaga na gari inatakiwa kwanza ishuke gia mbili, au kama ni CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia, ibadilishe uwiano, na hiyo ikiwa na oili iliyochoka ndo kabisa. Upo wa turbo, mpaka hewa ya moshi izungushe turbo ijae presha, hapo hata uweke kebo ya chuma kama ya 1985 utasubiri tu. Na upo wa ubovu, filta ya hewa imeziba, koili ya plagi imechoka, sensa ya hewa imejaa vumbi, pampu ya mafuta haisukumi vizuri, katalisti ya kwenye bomba la moshi imeziba. Kutyuni pedeli kunatibu ule wa kwanza tu. Ukiwa na ubovu ukaenda kutyuni umeficha ugonjwa.

Kupima sio lazima uende mbali. Kale kadude ka OBD ka bluetooth, ka kusoma kompyuta ya gari, wanakouza kila mahali, chomeka chini ya dashibodi, fungua programu kwenye simu, weka vipimo viwili kwenye skrini moja, pedeli ya mafuta na throtoli. Usishangae ukikuta pedeli iko sifuri na throtoli inasoma 12 au 15, Toyota nyingi ziko hivyo, na ukikanyaga mpaka mwisho inaweza isifike 100, hicho ni kipimo cha sensa tu. Sasa mwenzako aendeshe, wewe uangalie namba, barabara iwe tupu. Kama pedeli inapanda na throtoli inajivuta nyuma yake, au pedeli iko 50 throtoli iko 25, basi kweli shida yako iko kwenye jedwali na kutyuni kutakusaidia. Lakini kama throtoli inafuata pedeli vizuri hapo hapo na gari bado haiendi, acha kontroli boksi ya watu, angalia gia boksi, turbo, au huo ubovu mwingine.

Kusafisha throtoli nako watu wanakuza. Uchafu mweusi unaojenga pembeni ya kisahani unabana ile hewa kidogo inayopita pale mwanzo kabisa, kwa hiyo unasumbua silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, na ule mguso wa kwanza, ukisafisha gari inalainika kweli. Lakini nguvu ya juu haiongezi maana kisahani kikiwa wazi huo uchafu hauzibi kitu. Na ukisafisha silensa ikapanda usiogope, kompyuta ilikuwa imeshazoea uchafu ikawa inafungua zaidi kidogo ili kufidia, sasa uchafu umetoka na yeye bado anafidia, ipe muda au fundi afanye ile hatua ya kuifundisha upya. Tafadhali mkizisafisha msikisukume kisahani kwa nguvu na kidole wakati swichi iko on, kuna gia ndogo humo ndani na nyingi ni za plastiki. Na wale wa kutoa betri, hicho ndo wanachofuta, mazoea ya kompyuta. Jedwali la mtengenezaji halitoki kwa kutoa betri.

Kiboksi cha pedeli

Hiki ndo kinauzwa sana mtandaoni. Kinachomekwa pale pale kwenye plagi ya pedeli, kinasoma umeme unaotoka kwenye sensa na kupeleka mbele umeme mkubwa zaidi. Umekanyaga 20, kinaiambia kontroli boksi mtu kakanyaga 40. Yaani abiria kapewa spika, dereva ni yule yule na jedwali lake ni lile lile. Na spika ina mwisho, ukifika pedeli 50 au 60 kiboksi kimeshapeleka 100, sehemu yote iliyobaki ya pedeli haina kazi tena, unakanyaga hewa. Gia boksi nayo inasikia hiyo sauti kubwa, inadhani una haraka, inashusha gia mapema na inachelewa kupanda, hapo ndo wese linapoondoka. Nguvu haijaongezeka hata kidogo, na ukikanyaga mpaka chini muda wa kufika kilomita 100 kwa saa utakuwa karibu ule ule. Ukitaka kujua hicho kiboksi kitakupa nini bila kutoa hela, kesho ukiwa unaondoka kanyaga pedeli mara mbili ya unavyokanyaga siku zote, hicho ndo bidhaa.

Sisemi ni utapeli. Kuna Toyota nyingi ambazo kontroli boksi yake ni ngumu kufunguka kwa vifaa vya mafundi wa kawaida, na kwa mtu ambaye kero yake ni ule uzembe wa mwanzo wa pedeli tu, kiboksi kinatoa ile hisia na kinatoka siku ukiuza gari. Nachokataa ni kumuuzia mtu kama nguvu.

Kutyuni kwenyewe

Kutyuni ni kumfundisha dereva. Fundi anasoma faili lote lililomo kwenye kontroli boksi kupitia tundu la OBD, au anafungua boksi lenyewe mezani kama limefungwa, anatafuta lile jedwali la pedeli, anabadilisha namba, anafupisha kichujio, anaandika upya. Uzuri wake ni kwamba unaweza kugusa unapotaka tu. Mwanzo wa pedeli pakabaki laini kwa ajili ya foleni, katikati pakawa pakali kwa ajili ya kuovateki, na mwisho pakaachwa kama palivyo. Kiboksi hakiwezi kufanya hivyo kwa kuangalia mizunguko ya injini maana hakijui injini inazunguka mara ngapi, kinachokijua ni pedeli peke yake.

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kwenye petroli, kubadilisha jedwali la pedeli peke yake hakugusi kiasi cha mafuta wala muda wa moto, kwa hiyo ile hofu ya piston kutoboka haihusiki. Stage 1 ni kitu kingine, pale fundi anaongeza presha ya turbo na kugusa moto na mafuta, hiyo nguvu inaongezeka kweli na hatari inaongezeka nayo, na hapo ubora wa petroli unayoweka unakuwa habari ya kwanza. Mara nyingi vinauzwa kwa pamoja kwenye faili moja, ndo maana mtu anasema nilityuni gari ikawa nyepesi ajabu, nyepesi hiyo sehemu kubwa inaweza ikawa pedeli tu. Gari isiyo na turbo ndo kabisa, nguvu ya kuongeza kwa kompyuta ni kidogo mno, na sehemu kubwa ya unachosikia baada ya kutyuni ni jedwali la pedeli. Kama umelipia farasi, dai karatasi ya dyno, mashine ya kupima nguvu ya gari, ya kabla na baada.

Kwenye mifumo ya toki kuna mtego. Kompyuta inajilinda kwa kupiga hesabu ya pembeni, inalinganisha msukumo unaotoka na msukumo ulioruhusiwa kwa pedeli hiyo. Fundi akipandisha namba za pedeli na kusahau mipaka iliyo juu yake, siku unaovateki umekanyaga mpaka chini throtoli inajifunga yenyewe, gari inakata, taa inawaka. Mwenye gari anabadilisha koili, anabadilisha pampu, kumbe faili. Ukiona gari ilianza kukata baada ya kuandikwa, muulize aliyeandika kabla hujanunua kifaa chochote.

Usalama

Kila ajali inayosemwa gari iliruka yenyewe, watu wanarudi kulaumu pedeli ya umeme. Kesi kubwa ni ya Toyota kule Marekani. Mwaka 2009 na 2010 walirudisha mamilioni ya magari, sababu zilizotajwa ni kapeti za chini zinazoshika pedeli na pedeli zinazonata. Serikali ikaita wahandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, wachunguze umeme wenyewe, ripoti ikatoka Februari 2011 ikasema hawakupata kasoro ya kielektroniki ya kusababisha throtoli kufunguka wazi vile. Lakini Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama kule Oklahoma likaibana Toyota kwenye kesi ya Camry ya 2005, baada ya kusikiliza wataalamu waliochambua programu ya kontroli boksi. Machi 2014 Toyota ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa kupotosha watu kuhusu zile kapeti na pedeli. Kwa hiyo mtu anayesema haiwezekani kabisa na mtu anayesema ndo kawaida yake, wote wamechukua kipande cha habari.

Ninachotaka uone ni ulinzi uliomo. Pedeli ina sensa mbili, throtoli ina mbili. Kwenye Toyota, mguu ukiwa umetoka sensa moja inasoma kama volti 0.8 na nyingine kama 1.6, ukikanyaga zinapanda pamoja zikiwa zimeachana, na kompyuta inazilinganisha muda wote. Tofauti yao isipokuwa ile inayotakiwa inaandika kodi ya hitilafu, P2138 kwa pedeli, P2135 kwa throtoli, inapunguza nguvu, unatembea taratibu mpaka gereji. Mota ya throtoli ikikatiwa umeme spring inarudisha kisahani kwenye uwazi mdogo tu wa kukufikisha nyumbani. Kiboksi cha pedeli kinakaa katikati ya hizo sensa mbili na kompyuta, na kinatunga zote mbili. Kikiwa cha bei ya kutupa, kimeungwa vibaya, umeweka mtu usiyemjua kwenye mstari huo. Na zile kapeti za raba mnazopanga mbili tatu juu ya kapeti ya gari upande wa dereva, zitoeni, hilo la kushika pedeli ni la kweli kabisa na linatokea kwa gari ambayo haijaguswa na fundi yeyote.

Wenye dizeli, Hilux, Prado, Hiace za D4D, zile injini za dizeli za Toyota, kwenu pedeli haiombi hewa. Inaomba mafuta moja kwa moja kwenye nozeli, kile kisahani mnachokiona kwenye baadhi ya injini ni cha kusaidia EGR, mfumo wa kurudisha moshi kidogo ndani ya injini, na kuzima injini kwa ulaini. Jedwali la pedeli lipo na linatyuniwa vile vile, ila kompyuta ina mpaka wa moshi unaozuia mafuta yasitangulie hewa ya turbo. Fundi akiuondoa huo mpaka gari inachangamka chini na inamwaga moshi mweusi barabara nzima, na joto la moshi linapanda, kwa hiyo ukiona gari imetoka kutyuniwa inatoa wingu, hiyo kazi irudishwe.

Ukienda kwa fundi, faili la mwanzo la gari lisomwe na lihifadhiwe kabla ya kuandika chochote, na wewe upewe nakala. Betri iwe imeungwa chaja wakati wa kuandika, maana umeme ukishuka katikati kontroli boksi inaweza kufa na gari isiwake tena pale pale. Mwambie unaendesha wapi, mtu wa foleni ya Mwenge kila asubuhi na mtu wa Dar hadi Mbeya hawahitaji jedwali moja. Mauntini za injini ziangaliwe kwanza, zikiwa zimekufa pedeli kali itakupa mshindo wa gudu kila ukigusa mafuta. Ukishaandikiwa, itembeze siku kadhaa kwa utulivu, sikiliza gia zinavyopanda, jaribu cruise control kama unayo, pita kwenye tope au changarawe uone mguso wa kwanza hauzungushi tairi, na kama pedeli ni kali mno mwambie apunguze, kufungua faili na kupunguza namba ni kazi ya muda mfupi na fundi anayejua kazi yake hatakununia.